Kijaluba cha Chokaa cha Mwanamfalme

Bangkok, mwaka 2465 wa Kibuddha

2 Julai

Mvua sasa imeanza kweli, si zile za kutania. Baba bado yuko ukumbini, ameketishwa ndani ya mtungi wa dhahabu ulioletwa kutoka Ikulu, na juu yake umetundikwa mwavuli wa ngazi tano. Maiti yake itakaa hapo mpaka mvua ziishe ndipo ichomwe. Kando ya mtungi vimepangwa vyombo vya daraja lake: seti ya tambuu, birika la maji, tasa la kutemea na upanga, vyote vya dhahabu. Alitunukiwa alipopandishwa daraja. Watu wa nje hudhani ni mali yetu. Sivyo. Akishachomwa, vyote vinarudi hazina ya Ikulu, na sisi tunabaki na meza tupu.

Seti ya tambuu ni yangu kuitunza, tangu utotoni. Mimi ndiye niliyemkunjia Baba majani, nikayapaka chokaa, nikamkatia popoo. Hakutaka mkono wa mtu mwingine. Najivunia hilo, na sioni haya kuliandika, maana katika nyumba hii sina kingine cha kujivunia.

Leo Bi Mkubwa Wilai, mke wa kwanza wa Baba, ameniambia mbele ya watumishi wote: "Phismai, marehemu hatafuni tena. Unamkunjia nani?"

Namchukia mwanamke huyu. Nimeandika na sifuti.

6 Julai

Mvua. Watawa wamefika wamelowa, wakasoma ibada huku meno yakigongana.

7 Julai

Mvua.

13 Julai

Kaka Sathit amerudi kutoka wizarani akiwa na furaha yake ile ya kuficha. Anasubiri kupandishwa cheo. Ni mtoto pekee wa Bi Mkubwa, kasoma ng'ambo, na tangu arudi hutembea humu kama anayekagua nyumba anayotaka kuibomoa. Alisimama mbele ya vyombo vya daraja, mikono nyuma.

"Hivi vikirudi salama," akasema, "Ikulu itajua nyumba hii inaongozwa na mtu makini."

"Vinatunzwa na mimi," nikamwambia. "Wewe hata kifuniko hujui kukifungua."

"Dada, hasira hizo ndizo zilizokukosesha mume."

Anajua vizuri kilichonikosesha mume. Binti wa mwanamfalme haolewi na mtu wa chini, na wa juu hawamtaki binti wa mcheza ngoma. Nilisugua birika mpaka nikauona uso wangu ndani yake.

20 Julai

Mama yangu, Lamyai, anakaa nyumba ya nyuma, karibu na jiko. Alikuwa mchezaji katika kundi la ngoma la Baba. Nilipokuwa mdogo Bi Mkubwa alinichukua kwake nyumba ya mbele, nikawa namwona Mama siku za sikukuu tu. Leo Mama amekuja mbele, amevaa nguo nyeupe za msiba zilizopigwa pasi vizuri, ameomba aingie asujudu kwa marehemu. Tangu Baba afe hajaruhusiwa.

Bi Mkubwa hakuinua hata macho kutoka kwenye maua aliyokuwa akiyafunga. "Ngazi zinatosha."

"Bi Mkubwa," nikasema, "mvua inanyesha huko nje."

"Lamyai si chumvi. Hatayeyuka."

Basi Mama akasujudu pale pale kwenye ngazi, paji la uso kwenye ubao, maji yakimpita kutoka shingoni hadi kwenye visigino. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Aliponyanyuka hakunitazama mimi wala Bi Mkubwa. Alitazama meza ya vyombo. Nilidhani anashangaa dhahabu.

21 Julai

Mama ana homa. Nimempelekea uji wa wali na tangawizi. Amekula.

28 Julai

Leo nimemwombea Bi Mkubwa ateleze kwenye ngazi zile zile. Halafu nikaenda kusikiliza watawa, nikaketi kama mtu mwema.

3 Agosti

Paa la ukumbi limepasuka asubuhi kwa upepo. Maji yakawa yanamwagika karibu kabisa na mtungi. Nyumba nzima ilikimbia: ndoo, mikeka, matambara, watumishi wa mbele na wa nyuma, hata mpishi. Sathit alipanda kiti akawa anatoa amri ambazo hakuna aliyezisikia. Bi Mkubwa alivua kitambaa chake cha bega akafunika mwavuli wa ngazi tano kwa mikono yake mwenyewe, amesimama kwenye maji, nywele zake fupi nyeupe zimelala kichwani kama za kifaranga. Sikuwahi kumwona amelowa. Sikumhurumia, lakini niliona.

Baba hakuguswa na tone hata moja. Tulimaliza kukausha jioni.

4 Agosti

Kijaluba cha chokaa hakipo.

Nilifungua seti ya tambuu asubuhi nipanguse unyevu. Majani yapo, kisanduku cha popoo kipo, kisu kipo. Mahali pa kijaluba pana duara tupu kwenye sinia. Nilipapasa chini ya meza, chini ya mikeka, ndani ya mikunjo ya mapazia. Halafu nikaketi sakafuni.

Ningeweza kunyamaza kidogo nikatafuta. Lakini Bi Mkubwa aliingia, akaniona nilivyokaa, akatazama sinia.

"Kiko wapi?"

"Sijui."

"Seti hii ni ya nani kuitunza?"

"Yangu."

"Basi sema tena sijui, nikusikie vizuri."

Akamwita Sathit. Sathit hakuwa na furaha ya kuficha tena. Alikuwa mweupe kama unga. Alikusanya watumishi wote ukumbini akawahoji mmoja mmoja kwa sauti ya ofisini. Wote walikuwapo jana, wote walibeba ndoo, hakuna aliyeona kitu. Alipomaliza nao akanigeukia mimi.

"Chumba chako, Dada."

"Chumba changu kina nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

Walipekua kila kitu. Chuean, mtumishi mkuu wa Bi Mkubwa, alikung'uta nguo zangu za ndani moja moja mbele ya mlango wazi, na Sathit amesimama barazani akitazama mvua kwa adabu. Walipasua mto wangu. Manyoya yakajaa chumbani. Hawakupata kitu, na kutopata kukawa ndio ushahidi.

"Amekwisha kitoa nje," akasema Sathit.

"Nikipeleke wapi? Nani katika mji huu atanunua chombo cha Ikulu? Mfua dhahabu yeyote akikiona atapiga magoti, halafu aite polisi."

"Huenda hukuuza. Huenda umeficha ili unikomoe mimi."

Hapo nilicheka. Sikuweza kujizuia. Mtu anaweza kuwa amesoma ng'ambo na bado akadhani jua linachomoza kumtazama yeye.

Ufunguo wa ukumbi nimenyang'anywa. Nimekatazwa kumkaribia Baba.

5 Agosti

Naketi chumbani kwangu kwenye manyoya.

15 Agosti

Watumishi walionilea wanapita mbele yangu kama wanapita mbele ya mti. Chakula changu kinaletwa kimepoa. Chuean akiniona hushika mkufu wake shingoni, makusudi, nimwone.

Kutoka hapa nasikia watawa lakini siwezi kuona mtungi. Namwambia Baba moyoni: wewe unajua si mimi. Wewe peke yako ulinithamini humu.

26 Agosti

Sathit alikuja na wazo lake. Atamtafuta fundi atengeneze kijaluba kingine, shaba iliyopakwa dhahabu. Bi Mkubwa alikuwa nyuma yake, sikujua. Nilisikia tu kofi. Alimpiga mwanawe wa wizarani, mtu mzima mwenye masharubu, kofi la shavuni mbele yangu.

"Unataka kumrudishia Mfalme kitu cha kuigiza?" akamwambia. "Kwa jina la baba yako?"

"Mama, wakija na kukikosa, mimi ndiye nitakayeonekana…"

"Toka."

Alitoka. Bi Mkubwa alibaki akinitazama. Nikadhani sasa zamu yangu. Lakini alisema tu, "Fagia manyoya haya, chumba kinanuka kuku," akaenda zake.

9 Septemba

Mfereji unaopita kando ya nyumba umepanda hadi ngazi ya juu. Nyumba ya nyuma ina maji sakafuni. Nilikwenda kumsaidia Mama kuinua vitu vyake. Tulipomaliza tukaketi kitandani, miguu juu, mvua ikipiga bati. Alikuwa akitafuna tambuu, mdomo mwekundu.

"Unakonda," akasema.

"Wananiita mwizi. Sathit anataka nikiri kabla maafisa hawajaja. Anasema nikikiri mwenyewe itakuwa nafuu."

"Usikiri."

"Unasema kwa urahisi."

"Nasema kwa sababu nilichukua mimi."

Alitema nje ya dirisha, akajipangusa midomo. Nilingoja aseme anatania.

"Siku ya paa," akasema. "Nilibeba ndoo kama wengine. Hakuna anayemtazama usoni mwanamke mwenye ndoo. Nilikitia ndani ya ndoo, chini ya maji, nikatoka nacho, nikamwaga ndoo mferejini. Basi."

"Mferejini."

"Kilizama vizuri. Kilikuwa kizito."

Sikuwahi kumpigia Mama kelele. Leo nimempigia. Nilimuuliza kama anajua adhabu yake ni nini. Nilimuuliza kama alikuwa amelewa. Mwisho nikamuuliza, "Na mimi je? Seti iko mikononi mwangu. Ulinifikiria mimi hata kidogo?"

"Hapana," akasema. "Sikukufikiria. Nilijifikiria mwenyewe, mara moja tu tangu niingie nyumba hii. Ukitaka, nenda kawaambie."

Nilitembea kwenye maji hadi nyumba ya mbele bila kumuaga.

10 Septemba

Siongei na Mama.

14 Septemba

Bado. Mvua nayo bado. Wanawake wa nyumba hii wote ni mawe, na mimi ndiye ninayegongwa katikati yao.

22 Septemba

Nimeamua nitasema ni mimi. Si kwa upendo. Sijui kama nampenda mtu aliyesema vile. Lakini mimi ni damu ya mwanamfalme, watanifungia mahali penye paa. Yeye ni mcheza ngoma. Yeye watamvunja.

Nilikuwa njiani kwenda kwa Sathit nilipokutana na Bi Mkubwa barazani.

"Unaenda wapi na uso huo?"

"Kukiri."

Alinitazama kutoka chini hadi juu, polepole, kama anayepima kitambaa duni.

"Wewe huwezi kuiba, Phismai. Huna moyo huo. Umetufungulia na kutufungia visanduku miaka yote hii, hujawahi hata kula kipande cha popoo bila ruhusa." Akashika nguzo ajipumzishe, magoti yanamsumbua mvua ikizidi. "Mama yako ndiye mwenye moyo huo. Nipeleke kwake."

Hajawahi kukanyaga nyumba ya nyuma. Alivua viatu, akakunja nguo hadi magotini, akapita kwenye tope peku, akikataa mkono wangu. Mama alikuwa anachambua samaki mlangoni. Alishuka kitako papo hapo, viganja pamoja, kama inavyompasa mtu wa chini mbele ya mtu wa ukoo wa kifalme. Lakini kisu hakukiweka chini.

"Kiko wapi, Lamyai?"

"Mferejini."

Mvua ilinyesha. Bi Mkubwa aligeuza macho akatazama yale maji ya kahawia yanayokimbilia mtoni. Nilijiandaa kusimama kati yao.

"Ungetupa na tasa la kutemea," akasema Bi Mkubwa. "Mimi ndiye niliyelishika."

Akageuka, akarudi alikotoka, tope hadi kwenye mashavu ya miguu. Mama alibaki na kisu hewani.

"Atatumaliza," akasema Mama. "Ngoja tu uone."

8 Oktoba

Mvua zinapungua. Jukwaa la kuchomea limekamilika. Bi Mkubwa hajasema neno kwa mtu yeyote, na Sathit ananiuliza kila siku kama niko tayari. Namwambia bado. Nimekuwa kama mtu anayesubiri jino ling'olewe na mganga amekwenda safari.

19 Oktoba

Tumemchoma Baba leo. Niliruhusiwa kutembea nyuma kabisa ya msafara, na Mama nyuma yangu. Vyombo vya daraja vilibebwa mbele, na sinia la tambuu likafunikwa kitambaa cha hariri. Bi Mkubwa mwenyewe alilifunika na hakuna aliyethubutu kulifunua. Nililia sana. Mama hakulia hata tone.

22 Oktoba

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Maafisa wa hazina wamekuja asubuhi. Mkuu wao ni mzee mpole mwenye miwani, ambaye baba yake alikuwa mtu wa daraja la chini sana akilinganishwa na Baba. Tuliketi ukumbini sote. Alisujudu kwanza mbele ya mifupa ya marehemu, kisha akaanza kupokea. Upanga. Birika. Tasa. Alipofunua hariri kwenye sinia alitulia, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Naomba kuelekezwa," akasema kwa upole. "Kijaluba cha chokaa?"

Sathit alinigeukia. Nilikwisha fungua mdomo.

"Nimekipoteza mimi," akasema Bi Mkubwa.

"Paa lilipasuka, vyombo vikapata tope. Nilikwenda kukiosha mwenyewe kwenye ngazi za mfereji. Sikumwamini mtumishi. Mikono yangu ina ugonjwa wa viungo, mnauona. Kiliniponyoka."

"Mama," akasema Sathit.

"Nyamaza, naongea na afisa."

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Yeye aliyezaliwa katika ukoo wa kifalme, ambaye hakuwahi kuinama kwa mtu wa hadhi ya mzee yule, alijishusha sakafuni kidogo kidogo, magoti yakilia, akaweka paji la uso chini. Mzee akarudi nyuma kwa hofu, akijaribu kuwa chini kuliko yeye, miwani ikamdondoka.

"Mheshimiwa, tafadhali, usinifanyie hivi."

"Sikufanyii wewe. Namfanyia aliyekutuma."

Akamwashiria Chuean. Chuean akaleta seti ya tambuu ya Bi Mkubwa mwenyewe, ile ndogo ya dhahabu aliyotunukiwa ujanani kabla hajaolewa. Ndiyo iliyomtangulia kila alipokwenda Ikulu. Kwa hiyo watu walijua ni nani kabla hawajamwona uso. Ilikuwa yake hadi kufa.

"Peleka hii pamoja na nyingine," akasema. "Sistahili kuishika. Sitakwenda tena Ikulu mpaka niitwe."

Hataitwa. Sote tulijua, naye zaidi.

Walipoondoka Sathit alimfuata mama yake barazani, akimsihi, akimlaumu, cheo hiki, cheo kile. Bi Mkubwa alimwambia akanawe uso. Mimi nilimngoja hadi alipobaki peke yake.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Usidhani ni kwa ajili yako. Wala ya mwanamke yule."

"Basi kwa nini?"

"Wangejua ni Lamyai, mji mzima ungeuliza: marehemu alimfanya nini huyu mwanamke hata akamchukia hivyo? Mimi sitaki waulize." Akanitazama, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na makali, ilikuwa imechoka tu. "Hivi unadhani nani alikuchukua kutoka kwa mama yako?"

"Wewe."

"Mimi nilikuwa na wangu. Nikutake wewe wa nini? Baba yako alikuona jikoni unakunja majani, mtoto wa miaka sita, akasema anataka mikono midogo. Ukaletwa. Chokaa ikakuchubua vidole mpaka nyama ikaonekana. Mama yako akaja pale kwenye ngazi, akapiga magoti, akaomba uachiwe tu mpaka upone. Nilikuwepo, nimeshika tasa. Baba yako akasema, 'Vidole vitazoea.' Akatema, akaomba tambuu nyingine. Ukamkunjia wewe, unalia."

"Sikumbuki."

"Ndiyo. Ulizoea."

Nilitaka kumwambia anasema uongo. Nikavitazama vidole vyangu badala yake.

"Na wewe ulisema nini siku hiyo?" nikamuuliza.

"Mimi?" Akatabasamu vibaya. "Nilishika tasa. Nenda, Phismai. Sikupendi, na leo sina nguvu ya kukutazama."

23 Oktoba

Nimekwenda nyumba ya nyuma. Nimemwambia Mama aliyoyasema Bi Mkubwa kuhusu vidole. Aliendelea kupepeta mchele.

"Ulisema hukunifikiria," nikasema.

"Ulitaka niseme nini? Ungelia. Sipendi watu wanaolia nikiwa na kazi."

Nikachukua ungo wa pili. Tulipepeta hadi mchele wote ukaisha.

30 Oktoba

Sathit hakupata cheo. Kapewa mtu mwingine, na sababu haikutajwa. Ametuma mtu kutuambia nyumba ya nyuma itahitajika. Mama ana kaka yake anayekaa Ayutthaya, mwenye shamba la mpunga. Tunakwenda huko.

4 Novemba

Naandika ndani ya mashua.

Asubuhi imekuwa kavu, anga safi. Tulipokuwa tunapakia, Bi Mkubwa alishuka hadi gatini akiegemea fimbo, Chuean nyuma yake amebeba kisanduku cha tambuu cha shaba, cha kawaida kabisa, kama cha mwuza mboga. Wapakiaji wote wakashuka chini, viganja pamoja. Mimi nikashuka.

Mama hakushuka. Alisimama wima na mzigo wake begani, macho yake sawa na macho ya Bi Mkubwa. Chuean akavuta pumzi.

Walitazamana. Niliwaona wote wawili wamezeeka.

"Kumbe mgongo umenyooka, Lamyai," akasema Bi Mkubwa.

"Umenyooka."

"Basi ondokeni kabla jua halijawa kali."

Akapanda ngazi kurudi nyumbani. Magoti yalimsumbua, na hakumruhusu Chuean amshike.

Tulipopita daraja la mwisho Mama alitema mate mtoni. "Mchawi yule," akasema. Kisha akajifunika uso kwa kitambaa chake, akaanza kulia, kilio cha kutoka tumboni ambacho hakukitoa kwa Baba wala kwa homa wala kwa mvua, mpaka mpiga kasia akaacha kupiga kasia. Nikasogea nimshike.

"Kaa chini," akaniambia kutoka ndani ya kitambaa. "Utatupindua."

Nikakaa chini. Baadaye, bila kufunua uso, akanyoosha mkono, akautafuta wangu kwenye ubao, akaushika.